Barua ya wazi: Mmetuambia tuchunge watoto mtandaoni, sasa tupeni cha kuchungia

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari. Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Wakuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC). Pamoja na wakuu wa kampuni zote za simu nchini.

YAH: USALAMA WA WATOTO WETU WA SEKONDARI KWENYE MITANDAO YA KIJAMII

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, mimi mama wa watoto walioko sekondari, mkazi wa Morogoro. Katika kila kikao cha wazazi, kila kongamano la watoto linalorushwa redioni, na kila mara video ya mwanafunzi inaposambaa, kauli tunayopewa ni moja: wazazi wachunge watoto wao. Hatuikatai. Hakuna waraka utakaochukua nafasi ya mzazi anayeketi na mwanawe na kumuuliza leo umeongea na nani. Ila vitu vingi vinavyoamua usalama wa mtoto mwenye simu mkononi haviko sebuleni kwetu. Viko kwenye meza zenu: usajili wa laini, mabando, namba za kupokelea pesa, taratibu za shule, na mazungumzo na kampuni za nje ambazo sisi hatujui hata mlango wa kubisha hodi.

Kwa hiyo siombi semina nyingine ya kutukumbusha wajibu wetu. Naomba nyenzo.

Hali mnaijua, lakini naomba niirudie ili tuzungumze jambo moja. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Disrupting Harm uliofanywa na UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto. Ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Kati ya hao, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja tu: kutishwa ili wafanye jambo la ngono, picha zao za faragha kusambazwa bila ridhaa yao, au kurubuniwa kwa pesa na zawadi. Watafiti walikadiria kuwa hao ni watoto kama 200,000. Asilimia 4 ikiandikwa kwenye ripoti inaonekana kidogo. Watoto laki mbili ukiwapeleka Uwanja wa Benjamin Mkapa, utaujaza mara tatu na wengine watabaki nje ya geti.

Kampuni za mitandao zinasema zimeweka ulinzi, na ni kweli umewekwa. TikTok hairuhusu akaunti kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, inamfungia ujumbe wa faragha aliye chini ya miaka 16, na hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kurusha laivu. Instagram tangu Septemba 2024 imeanza kuwaweka vijana kwenye akaunti maalumu ambazo ni za faragha tangu mwanzo, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti bila mzazi kukubali. Ukisoma haya unapumua. Halafu unakumbuka kwamba kwa sehemu kubwa ulinzi huo unasimama juu ya swali moja analoulizwa mtumiaji siku ya kwanza: umezaliwa mwaka gani?

Hapo ndipo kila kitu kinapoharibikia. Simu ikinunuliwa, nyingi hupita kwa fundi au kwa kijana wa duka la simu ili "zifunguliwe". Fundi anatengeneza barua pepe, anafungua akaunti, anaweka nywila anayoijua yeye, na kwenye mwaka wa kuzaliwa anaandika wowote ule utakaokubaliwa haraka. Hana nia mbaya, ana foleni ya watu. Lakini binti wa miaka 14 aliyeandikiwa kuwa amezaliwa 1998 ni mtu mzima machoni pa mtandao kuanzia dakika hiyo. Inboksi yake iko wazi, mtu yeyote anaweza kumwandikia, na anaweza kurusha laivu usiku wa manane kwa watu asiowajua. Mzazi hajui kwamba tarakimu nne zilizoandikwa dukani ndizo zilizouzima ulinzi wote.

Tena katika nyumba nyingi simu si ya mtoto. Ni ya mama, au ya kaka mkubwa, au inazunguka kati ya watoto wanne na binamu aliyekuja likizo. Akaunti ina umri wa miaka 41 kwa sababu ni ya mama, na mama mwenyewe haingii humo hata mara moja kwa mwezi. Mfumo unaochagua video hauwezi kujua kwamba saa mbili usiku anayetazama ni mama na saa tano ni mtoto wa darasa la saba.

Zana za wazazi zinazosifiwa, kama Family Link ya Google na ile ya TikTok inayounganisha akaunti ya mzazi na ya mwanawe, zinadai mzazi naye awe na simu janja, akaunti yake na bando lake, na ajue kupita kwenye mipangilio. Nawafahamu wazazi wengi wanaotumia kitochi ambao wamejinyima wakamnunulia mtoto simu janja kwa mkopo, kwa kuwa mwalimu ametuma mazoezi kwenye grupu la WhatsApp. Mzazi huyo ndiye anayeambiwa asimamie akaunti ya mtoto. Asimamie kwa kitu gani?

Yeye anachokimudu ni menyu ya nyota na reli. Anajua kutuma pesa, kununua umeme na kuangalia salio. Wengi tumejifunza kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu cha NIDA, kwa sababu TCRA ilitangaza hadi tukaelewa. Huo ndio mlango ninaowaomba muupitie.

Kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Hivyo laini iliyoko mkononi mwa mtoto wa sekondari imesajiliwa kwa alama ya kidole ya mzazi, mlezi au ndugu. Kampuni ya simu inaniona mimi kuwa na laini tatu. Mara nyingi haijui kwamba ya tatu iko kwa mtoto wa miaka 15. Naomba wakati wa usajili niulizwe swali moja: laini hii ataitumia nani? Nikijibu kwamba ni mtoto, iandikwe kuwa laini ya mtoto na iwe na masharti yake. Tovuti za ngono na za kubeti zifungwe tangu siku ya kwanza. Isiuziwe bando la usiku. Kwa wasioyafahamu, mabando hayo ni nafuu sana na hufanya kazi watu wakiwa wamelala, na mtoto mwenye hela ndogo atayakimbilia hayo kabla ya mengine yote. Mimi mzazi niweze kupiga menyu kutoka kwenye kitochi changu na kuzima intaneti ya laini hiyo saa nne usiku, kisha niiwashe asubuhi, bila kumnyang'anya mtu simu na bila ugomvi.

Hili si jambo la ajabu. Nchini Uingereza, kwa miaka mingi sasa, kampuni za simu zimekuwa zikifunga maudhui ya watu wazima kwenye laini hadi mwenye laini athibitishe kuwa ametimiza miaka 18. Najua kichujio cha namna hiyo hakioni kilichomo ndani ya WhatsApp wala TikTok, na mtoto mjanja ataazima simu ya rafiki. Sitarajii kizuie kila kitu. Nataka tu laini ya mtoto wa kidato cha pili isiuzwe kama laini ya dereva wa lori.

Niseme sasa kuhusu jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote, nalo ni kutishiwa picha.

Binti mmoja katika ukoo wetu, akiwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, alizoeana na mtu kwenye Instagram aliyejitambulisha kuwa kijana mwenzake wa chuo. Walizungumza majuma mengi. Akamsifia, akamtumia picha zake, akaomba na yeye atumiwe. Picha ilipofika, lugha ikabadilika siku ile ile: tuma hela, au inakwenda kwenye koneksheni. Hizo koneksheni mnazisikia. Ni magrupu ya Telegram na WhatsApp ambako picha na video za faragha zinauzwa na kugawiwa. Binti akatuma kidogo kidogo kwa simu ya mama yake, akifuta meseji kila baada ya kutuma. Mama aligundua pale pesa ya mchezo ilipopungua. Walipokwenda kutoa taarifa, swali la kwanza waliloulizwa lilikuwa: na wewe kwa nini ulituma? Mama akamshika mkono mwanawe wakarudi nyumbani. Hawajarudi tena pale.

Waheshimiwa, lisilovumilika ni hili: yule mtu alipokea pesa kwenye namba ya Tanzania. Kila namba ya Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole tangu tulipopanga foleni zile ndefu, na zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Nchi nyingine mhalifu wa namna hii hujificha nyuma ya bara zima na hulipwa kwa njia zisizofuatika. Hapa, mara nyingi, analipwa kwa wakala mtaa wa tatu. Jina lipo, na muda wa muamala na mnara uliobeba simu vinaweza kufuatiliwa. Kinachokosekana ni njia fupi kati ya mama anayelia na mtu mwenye uwezo wa kuifungia namba ile kabla ya saa moja kupita.

Njia fupi tunajua kuijenga. Matapeli walipotuandama na "ile pesa tuma kwenye namba hii", TCRA ilitupa namba 15040, tukafundishwa kupeleka ujumbe wa tapeli huko, na siku hizi hata bibi zetu wanaijua. Kila robo mwaka Mamlaka inatoa takwimu za majaribio ya utapeli mkoa kwa mkoa, na mkoa wetu wa Morogoro umekuwa ukitajwa juu pamoja na Rukwa. Inaumiza kutajwa, lakini imesaidia. Watu wamejua tatizo liko wapi. Mwizi wa shilingi elfu hamsini amewekewa mfumo wa nchi nzima. Anayemtisha mtoto kwa picha naye awekewe. Namba inayodai pesa kwa kutishia picha ya mtoto izuiwe kupokea mara tu taarifa inapofika, uchunguzi ufuate, na takwimu zitolewe kila robo mwaka kama zile za utapeli, bila majina ya watoto.

Namba ya kuanzia ipo. Ni 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na Serikali, na kuipiga ni bure. Watu wake wamefundishwa kusikiliza mtoto bila kumhukumu. Lakini waulizeni wanafunzi kumi wa sekondari yoyote kama wanaijua, kisha waulizeni kama wanajua namba ya kununulia bando. Kampuni za simu hututumia ujumbe wa matangazo asubuhi, mchana na usiku. Kila bando linalonunuliwa huja na ujumbe wa kuthibitisha. Mwisho wa ujumbe huo yaongezwe maneno machache: "Unatishwa au unasumbuliwa mtandaoni? Piga 116, bure." Hayo hayahitaji bajeti wala mwaka mpya wa fedha. TCRA ikiandika barua leo, kampuni zinaweza kuanza ndani ya mwezi.

Kwenye Madawati ya Jinsia na Watoto ya Jeshi la Polisi naomba kuwe na utaratibu ulioandikwa na kubandikwa ukutani, mwananchi auone. Mtoto asiulizwe kwa nini alituma. Mazungumzo yasifutwe, yapigwe picha kwenye skrini pamoja na jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na meseji ya muamala. Ile picha ya mtoto yenyewe isirushwe kutoka simu hadi simu eti ni ushahidi, maana hata sheria yetu inakataza kuisambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilishaharamisha kuchapisha picha za ngono za watoto, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria zinazohusu ulinzi wa mtoto. Sheria tunazo. Kinachotuangusha ni dakika kumi za kwanza pale kaunta.

Pia kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Mtoto au mzazi anaichagua picha ndani ya simu yake, mfumo unatengeneza alama ya kidijiti ya picha ile, na alama hiyo tu ndiyo inayopelekwa kwa Facebook, Instagram, TikTok na mitandao mingine iliyojiunga ili waizuie picha isipandishwe. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Sijawahi kusikia ikitajwa kwenye kongamano lolote nililohudhuria, na sidhani kama afisa ustawi wa kata anaijua. Wizara ya Maendeleo ya Jamii ingeweza kuandaa maelezo yake ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, yakaenda kwenye kila ofisi ya ustawi wa jamii.

Nisisahau wavulana. Tunapozungumza haya macho yote huenda kwa mabinti, wakati wavulana nao wanatishiwa picha, nao wanalipa, na aibu yao ni ya kufa nayo kimya kwa kuwa wameambiwa mwanamume halii. Matangazo yenu yawataje waziwazi.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi.

Watoto wetu wengi wa bweni hukaa miezi bila simu, kisha hurudi likizo ya Juni au Desemba wakapewa simu kwa mkupuo, mchana na usiku. Kubwa kuliko likizo zote ni ile inayoanza baada ya mtihani wa kidato cha nne. Mtihani unakwisha Novemba. Matokeo hutoka Januari. Kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka ambayo kijana wa miaka 16 au 17 yuko nyumbani, hana shule, hana kazi, na mara nyingi ndiyo amepewa simu yake ya kwanza kama zawadi ya kumaliza. Hakuna mwalimu juu yake. Wazazi tuko kazini, shambani, sokoni. Kama kuna mtu aliyekaa mahali akiwawinda watoto wa Tanzania, kalenda hii anaijua kuliko sisi.

Kabla hawajafunga vifurushi vyao, wapewe siku moja. Siku moja tu, kati ya mtihani wa mwisho na kuondoka, shule zote za sekondari. Wafundishwe kufungua akaunti kwa umri wa kweli na kwa nini umri huo unawalinda wao. Wafundishwe kuifanya akaunti iwe ya faragha na kumzuia mtu. Waambiwe wazi kwamba anayeomba picha leo ndiye anayedai pesa kesho, na kwamba hata kama picha imeshatumwa, maisha hayajaisha, kuna 116. TCRA imeshaanzisha klabu za kidijiti mashuleni. Wanafunzi wa klabu hizo wangefundisha wenzao vizuri kuliko sisi. Na jioni ya siku hiyo wazazi tunaokuja kuchukua watoto tuketi nusu saa tufundishwe yale yale. Ndiyo siku pekee ambayo mtaupata umati wa wazazi mahali pamoja bila kutulipa nauli.

Jambo la pili kwako ni kubwa zaidi. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, warudi shuleni, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaweka utaratibu. Wazazi wengi tulilia kwa furaha siku hiyo. Lakini binti ambaye picha yake imevujishwa na mhalifu bado hana waraka unaomtaja. Mkuu wa shule akiamua kwamba "ameidhalilisha shule", anaandikiwa barua ya kusimamishwa, na watoto wengine wanaona. Wanajifunza kwamba ukisema umekwisha. Hilo ndilo linalompa nguvu mtishaji, kwa sababu anachouza si picha, anauza hofu ya mtoto kwamba wazazi na walimu watamkataa. Toa waraka mwingine, Mheshimiwa. Uandikwe kwamba mwanafunzi ambaye picha au video yake ya faragha imesambazwa ni mhanga, hasimamishwi wala hafukuzwi wala hapigwi mbele ya wenzake, na mwalimu aliyepata taarifa ana wajibu wa kuifikisha kwa afisa ustawi na Dawati. Siku waraka huo utakaposomwa paredi, mtishaji atakuwa amepoteza nusu ya silaha zake.

Kwa wakuu wa PDPC, nina swali na ombi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti. Ni kifungu kizuri sana. Je, mitandao inayokusanya sura, sauti, mahali alipo na mazoea ya kila siku ya mtoto wa Kitanzania imeshaulizwa inafanya nini na vitu hivyo? Mzazi mmoja mmoja hawezi kuiandikia TikTok akajibiwa. Tume ya nchi inajibiwa. Naomba muwaite, muwaulize kwa maandishi jinsi wanavyohakiki umri wa watumiaji wa hapa, wana wasimamizi wangapi wanaoelewa Kiswahili pamoja na lugha za mafumbo za vijana wetu, na taarifa ya mtoto anayedhalilishwa ikitoka Tanzania inachukua muda gani kushughulikiwa. Majibu yao yachapishwe tuyasome.

Swali la lugha silirushi tu. Mwaka 2025 uchunguzi wa BBC nchini Kenya ulionyesha laivu za TikTok zilizotumiwa kuuza ngono, wasichana wadogo hata wa miaka 15 wakiwemo, malipo yakipitia zawadi za kidijiti zinazogeuzwa pesa, na kampuni yenyewe ikikata sehemu yake. Wahusika walizungumza kwa misimu ya mtaani ili mfumo usiwatambue. Kati ya Nairobi na Dar es Salaam laivu haihitaji pasipoti. Mwaka huo huo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo kwa kampuni kuhusu ulinzi wa mtoto mtandaoni. Majirani wameanza, basi kaeni nao mzungumze na kampuni hizi kwa sauti moja. Soko la Afrika Mashariki likisema pamoja ni kubwa, hawawezi kulipuuza.

Wapo watakaosema dawa ni kufunga kabisa, kama Australia, ambako tangu 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa hairuhusiwi kuwa na akaunti za walio chini ya miaka 16. Nimelifikiria sana hilo na sioni kuwa tuko tayari. Watoto wetu hawana vitambulisho, simu zinashirikiwa, na katazo la namna hiyo litahamishia watoto kwenye akaunti za shangazi zao ambako hakuna ulinzi wowote. Zaidi ya hapo, mtoto aliyeingia mahali palipokatazwa hatasema akiumizwa huko. Lakini kuna jambo moja la Australia ninaloliomba kwa moyo wote: adhabu yao, ambayo inaweza kufika dola za Australia milioni 49.5, inaiangukia kampuni. Mzazi haadhibiwi, mtoto haadhibiwi. Hapa kwetu kila lawama inateremka hadi kumfikia mama aliyeko gulioni tangu alfajiri. Naomba ianze kupanda.

Waheshimiwa, kati ya haya yote yapo yanayohitaji sheria, yapo yanayohitaji mazungumzo marefu, na yapo yanayohitaji saini tu. Ujumbe wa 116 kwenye mabando, waraka wa kuwalinda wanafunzi waliovujishiwa picha, na siku moja ya mafunzo kwa kidato cha nne ni ya saini. Mtihani ni Novemba. Naomba haya matatu yawe yametoka kabla ya hapo, na naomba majibu yenu yatolewe redioni, ili na mzazi mwenye kitochi ayasikie.

Wenu katika malezi,
Mama wa watoto wa sekondari,
Morogoro